Salio Liko Ukurasa Gani?

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi mbele ya vijana wanaoandika programu hapa Dodoma. Waliokosa nafasi waliniomba niyaweke kwenye maandishi. Nimeyanyoosha kidogo, utani nimeuacha kama ulivyokuwa.

Mbukwenyi!

Naona walioitikia ni nusu ya ukumbi. Nusu nyingine nadhani mlihamia na wizara. Karibuni, mtazoea, vumbi la Dodoma halibagui mwenyeji na mgeni.

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kuharakisha usomaji wa data kwenye mifumo ya kutunza matoleo ya kazi zetu. Kwa lugha ya ofisini: ripo, yaani ghala la mafaili yetu na historia yake, imekuwa nzito, inazunguka tu, tufanyeje? Wengi tukiulizwa hivyo tunakimbilia kuomba bajeti ya seva mpya. Mimi naomba tuanzie kwenye duka la mjomba wangu.

Mjomba alikuwa na duka Kibaigwa, kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro, enzi ambazo magari ya mahindi yalikuwa yanapanga foleni mpaka usiku. Wateja wake wengi walikuwa wakopaji. Kila mmoja alikuwa na kurasa zake kwenye kaunta buku, kwaya mbili, lenye jalada gumu lililokwisha kulainika pembeni kwa kushikwa. Mjomba aliandika mabadiliko tu: kachukua sukari, ongeza, kalipa elfu tano, punguza, kachukua mafuta ya taa, ongeza. Kuandika kulikuwa kwepesi, mstari mmoja na kalamu inarudi sikioni.

Sasa mteja anakuja siku ya mnada, duka limejaa, anauliza, "Mzee, nadaiwa ngapi?" Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mjomba anafungua ukurasa wa kwanza wa yule mtu, anajumlisha, anatoa, anajumlisha, analamba kidole, anafungua ukurasa wa pili. Watu nyuma wanaguna. Akifika mstari wa sitini mtoto anamwita, anapoteza hesabu, anaanza upya. Nilikuwa na miaka kumi na moja nikishika tochi pale, na sikujua kwamba ninachokitazama ni mnyororo wa delta.

Kwa sababu ndivyo mifumo ya matoleo inavyotunza kazi zetu. Faili lenye mistari elfu moja likibadilishwa mistari mitatu, hakuna haja ya kuandika elfu nzima upya. Unaandika tofauti tu, na hiyo tofauti ndiyo delta. Nafasi kwenye diski inaokolewa. Lakini mtu akitaka kulisoma faili, lazima mtu mwingine alambe kidole.

Mjomba alipata dawa mbili, na zote mbili mtazikuta kwenye programu mnazotumia. Ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe: kila baada ya mistari ishirini alichora mstari kwa bik nyekundu na kuandika salio. Akiulizwa, anatafuta wekundu wa mwisho, anaanzia hapo, na mistari ya kupitia haizidi ishirini. Ya pili ilikuwa ya shangazi, ambaye kusema kweli ndiye aliyekuwa na akili ya biashara pale dukani. Yeye alikata makaratasi ya boksi, kila mteja kadi yake, juu yake deni la leo. Mteja akilipa, kadi inabadilishwa. Jibu la leo lipo tayari; anayetaka kujua alidaiwa ngapi Pasaka iliyopita ndiye arudi kinyumenyume kwenye daftari. Na ni nani anauliza ya Pasaka iliyopita? Mgomvi mmoja kwa mwaka.

Shangazi hakujua, lakini mwaka 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alikuwa amekwisha kueleza mfumo wake wa RCS uliofanya jambo hilohilo: toleo la mwisho la shina kuu linakaa zima, ya zamani yanapatikana kwa kurudi nyuma. Kabla yake kulikuwa na SCCS ya Marc Rochkind, iliyoanza mwaka 1972 huko Bell Labs. Ile ilisuka mistari ya matoleo yote ndani ya faili moja, kila mstari na alama yake ya lini uliingia na lini ulitoka. Ukitaka toleo lolote, la jana au la miaka mitano nyuma, unapitia faili zima. Haki sawa kwa wote, na mateso sawa kwa wote. RCS ilivunja usawa huo makusudi, ikampendelea anayesoma la leo. Gharama yake ilijificha kwenye matawi, yaani njia za kazi zinazoachana na shina kuu: ukitaka ncha ya tawi, unarudi kwanza nyuma kwenye shina mpaka tawi lilipochipukia, halafu unapanda mbele tena.

Subversion nayo, mfumo mwingine wa matoleo, ilipoleta hifadhi yake ya FSFS mwaka 2004, ilitumia ujanja ambao ninaupenda kuliko yote, ingawa leo wachache wanaukumbuka. Chukua toleo la 54 la faili. Badala ya kulijenga juu ya la 53, unajiuliza 54 inalipwa kwa noti gani ikiwa noti zilizopo ni za 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Jibu ni 32, 16, 4 na 2. Toa noti ndogo kuliko zote, ile ya 2: unapata 52. Basi toleo la 54 linajengwa juu ya la 52. Toa ya 4, unapata 48. Toa 16, unapata 32. Toa 32, umefika sifuri, mwanzo wa yote. Hatua nne badala ya hamsini na nne. Faili likifika matoleo elfu moja, hatua hazizidi kumi. Delta zenyewe zinanenepa, kwa kuwa unalinganisha na toleo la mbali zaidi, kwa hiyo diski inalipa ili msomaji apumzike.

Halafu Aprili 2005, ndani ya mwezi huohuo mmoja, zikazaliwa Mercurial ya Matt Mackall na Git ya Linus Torvalds. Mercurial ilichukua bik nyekundu ya mjomba lakini ikaiboresha. Mjomba alihesabu mistari. Mercurial hupima uzito: delta za mnyororo zikijumlishwa zikazidi mara mbili ya ukubwa wa faili zima, basi, andika salio, toleo lihifadhiwe lote. Pia delta zake hupangwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, ili diski ivute kipande kimoja kwa mkupuo bila kurukaruka.

Neno kurukaruka lishikeni, nataka nikae hapo kidogo.

Diski ya zamani, ile ya sahani inayozunguka, mara nyingi hufanya mizunguko 7,200 kwa dakika. Gawanya kwa sitini: 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni kama milisekunde 8, kwa hiyo kwa wastani unasubiri nusu yake, milisekunde 4 hivi, data yako ifike chini ya kichwa cha kusomea. Ongeza muda wa kichwa chenyewe kusogea mpaka kwenye njia yake. Kwa hesabu za mezani weka milisekunde 10 kwa kila mruko. Miruko mia ni sekunde nzima. Haijalishi unakwenda kuchukua herufi kumi au elfu kumi, nauli ya kwenda ni ileile.

Tazameni sasa Git inavyotunza vitu, yaani kila toleo la faili na kila kumbukumbu ya badiliko. Kitu kipya huwekwa kama faili lake peke yake, limebanwa, jina lake herufi arobaini, mbili za mwanzo zikiwa ndilo folda. Hivi mimi naviita vitu vya rejareja. Vikizidi, Git huvifunga jumla kwenye furushi moja, na pembeni ya furushi inaweka faharasa. Kwa kawaida hujistukia yenyewe vikikaribia 6,700. Piga hesabu: vitu 6,700, kila kimoja mruko mmoja, diski imetoka kuwashwa na hakuna kilichopanda kwenye RAM, kumbukumbu ya haraka ya kompyuta. Ni sekunde 67. Dakika na ushee, kwa kuokotaokota tu.

Ndani ya furushi mambo ni tofauti. Faharasa inaanza na jedwali la nafasi 256, moja kwa kila jozi ya herufi mbili za mwanzo. Una vitu milioni moja? Kwa kutazama jedwali hilo tu umebakiwa na kama 3,900 vya kupekua. Navyo vimepangwa kwa mpangilio wa majina, kwa hiyo unagawa nusu, unagawa nusu, na ndani ya hatua kumi na mbili umekipata. Faharasa inakwambia kitu kiko wapi kwenye furushi. Unaruka pale, na unakuta ama kizima, ama delta inayosema "mimi najengwa juu ya yule". Unamfuata yule. Naye anaweza kuwa delta. Kwa bahati Git inafuata hekima ya shangazi: kwa kawaida hulifanya faili kubwa kuwa msingi, na kwa vile mafaili yetu hunenepa kadiri siku zinavyokwenda, lile la karibuni ndilo mara nyingi linakaa zima.

Niwaambie nilivyojifunza haya kwa aibu. Ofisi moja hapahapa mjini, jina nitalimeza, iliniita kwa kuwa ripo yao ilikuwa imegoma. Walikuwa na skripti inayofanya komiti, yaani kuandikisha toleo jipya kwenye historia, kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, kuhifadhi taarifa za vituo vyao. Mtu akifungua historia ya faili moja, anaagiza chai, anakunywa, anarudisha kikombe, bado. Nikaandika amri moja, `git count-objects -v`, ambayo ningewaomba wote muizoee kama mnavyozoea kuangalia salio la simu. Ikaniambia kuna vitu vya rejareja laki mbili na kitu. Kumbe kuna kaka aliyekuwepo kabla, alikerwa na usafi wa kujiendesha ulioanza saa sita mchana watu wako kazini, akauzima kabisa. Akahama, na siri akahama nayo.

Basi mimi, mtaalamu, nikatia amri ya kufunga upya kwa ukali wa mwisho, `--aggressive`, na kina cha mnyororo nikakiweka kikubwa nilivyoweza, nikijua nitaokoa nafasi nyingi. Nikaenda kulala Area C nikiwa na raha. Saa mbili asubuhi nikapigiwa simu: seva inahema, haijamaliza, watu wamekaa na hawawezi kufanya kazi. Nikalazimika kuisimamisha. Usiku uliofuata nikarudi na `git repack -a -d` ya kawaida, isiyo na mbwembwe, na asubuhi historia ya lile faili ilifunguka kabla mtu hajafikiria chai.

Niliona haya, ila baadaye nikagundua kwamba hata wenye Git walikuwa wamepita hapo. Ile amri ya ukali ilikuwa inaruhusu mnyororo wa kina cha 250. Mwaka 2016, kwenye toleo la 2.11, wakaushusha mpaka 50, sawa na ufungaji wa kawaida, kwa sababu nafasi iliyookolewa baada ya hapo ilikuwa ndogo, na kila msomaji alikuwa anapanda ngazi 250 kuilipia. Komiti inaandikwa mara moja. Inasomwa na wewe unapobadili tawi, na mwenzako anapovuta, na mashine ya kujenga programu, na mwanafunzi atakayekuja mwakani kuuliza nani aliandika upuuzi huu. Ukiokoa kwa mwandishi ukamtoza msomaji, umeuza mbuzi kununua kamba.

Kuna tatizo jingine ambalo ripo za seva huwa nalo hata zikiwa safi: mafurushi mengi. Kila furushi lina faharasa yake, na Git ikitafuta kitu haijui kiko furushi gani, inabisha hodi mlango kwa mlango. Toleo la 2.20 la Desemba 2018 lilileta faharasa moja ya mafurushi yote. Miezi sita kabla yake, kwenye 2.18, ilikuja grafu ya komiti. Hiyo ni kama kadi za shangazi: badala ya kufungua kila komiti ili kujua wazazi wake ni akina nani, wazazi na tarehe zao vimeandikwa mezani tayari. Na tangu 2.27 ya mwaka 2020 unaweza kuongezea kichujio kinachojibu swali la komiti kugusa au kutogusa faili fulani. Kichujio hiki ni kama mlinzi wa getini. Akisema "huyo hajaingia leo", amini, geuza gari. Akisema "labda yumo", ingia ukaangalie mwenyewe. Kwa ripo yenye komiti nyingi, majibu ya "hajaingia" ndiyo yanayookoa siku. Amri yake ni `git commit-graph write --reachable --changed-paths`, na ikiwa hutaki kukumbuka, `git maintenance start` itakupangia usafi kwa ratiba.

Maswali yalikuja hapa. Matatu nayaandika kwa sababu yalinifaa mimi mwenyewe.

Kijana mmoja mbele: "Dada, si tununue SSD tu yaishe?" Nunueni, sitawazuia. SSD, diski isiyo na sahani ya kuzunguka, inaua nauli ya mruko, na hilo si dogo. Lakini kila kitu ndani ya furushi kimebanwa, lazima kifunguliwe, na delta lazima ijumlishwe, na hiyo ni kazi ya prosesa. Mnyororo mrefu unabaki mrefu. Na kama ripo yako iko kwenye diski ya mtandao, kila hodi inakwenda mpaka seva na kurudi, hata kama huko ndani kuna SSD ya dhahabu. Halafu jihadharini mnapopima. Amri ileile ukiirudia mara ya pili, data imeshapanda RAM, inakuja kama umeme, nawe unamwandikia bosi kwamba umetatua. Pima baridi, pima moto, andika zote mbili.

Mwanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, akauliza kuhusu bando: kuvuta ripo kubwa kwa simu ni kulala njaa. Nilimwambia kisa cha Microsoft, walipohamishia msimbo wa Windows kwenye Git mnamo 2017: mafaili milioni 3.5 hivi, gigabaiti karibu 300. Dawa yao kuu ilikuwa kutobeba kabisa kile ambacho mtu hajakifungua. Leo wewe unaweza kupata sehemu ya hiyo dawa kwa `git clone --filter=blob:none`, ambayo inaleta historia yote lakini yaliyomo kwenye mafaili ya zamani yanabaki seva mpaka uyahitaji. Ila usije ukafungua tofauti za komiti za miaka yote halafu ukanilaumu, maana hapo utayaagiza kwa mafungu madogomadogo kupitia mtandao, na bando litaisha kwa rejareja badala ya jumla. Video na PDF zilizoskaniwa usiziweke humo kabisa. Hazibaniki wala hazina delta ya maana.

Swali la mwisho lilitoka kwa mzee aliyekaa karibu na mlango, nikaambiwa ni mhasibu mstaafu aliyemsindikiza mjukuu wake. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akasema, "Mwanangu, umesifu sana salio la bik nyekundu. Mjomba wako alipokosea salio, ilikuwaje?"

Ukumbi ulicheka, mimi sikucheka, kwa sababu alikosea kweli, na mteja alilipa deni mara mbili, na ugomvi ulifika kwa mtendaji wa kata. Kilichomwokoa ni kwamba mistari yote ya zamani ilikuwa bado ipo, wakakaa wakajumlisha upya mbele za watu. Nikamjibu mzee kwamba Git ina ulinzi ambao mjomba hakuwa nao: jina la kitu ni alama ya kidole ya yaliyomo, kwa hiyo kitu kizima kikiharibika hata herufi moja, jina na mwili vinakataana, na `git fsck` inapiga kelele. Faharasa za mafurushi na grafu ya komiti ni kadi za boksi. Zikioza unazichana na kuziandika upya kutoka kwenye daftari. Daftari lenyewe ndilo unaloliwekea nakala, sehemu mbili, siyo kwenye seva ileile.

Mzee akatikisa kichwa kwa namna ya wahasibu, ambayo si ndiyo wala si hapana, akasema, "Basi tuonyeshe."

Nikauliza nani amekuja na ripo inayomtesa. Dada mmoja nyuma akanyoosha mkono, laptopu imebandikwa gundi ya karatasi kwenye bawaba. Nikamwita mbele aje na chaja yake, tukaunganisha projekta, tukaandika amri ya kwanza, na ukumbi mzima ukasoma kwa sauti: vitu vya rejareja, elfu thelathini na moja.